Usilipie cheti, lipia saini: kuhusu chapa za Neal Adams

Usitume hiyo pesa leo. Umeandika kwamba uko Mwanza, umepata chapa, yaani nakala ya mchoro iliyochapwa kwenye karatasi, ya Neal Adams, mchoraji wa katuni wa Marekani, yenye namba 87/300, muuzaji yuko Dar es Salaam, anacho cheti cha uhalisi, na anataka umtumie nusu ya bei kwa simu kabla ya saa mbili usiku kwa sababu kuna mteja mwingine anayeisubiri. Umeuliza kama bei ni ya haki, kama itapanda baadaye, isafirishwe vipi na itunzwe vipi ukutani. Katika maelezo yako yote hakuna mahali uliposema kwamba umeiona saini yenyewe kwa karibu. Umeona cheti. Mimi nami nilioneshwa cheti, nikatoa shilingi 1,400,000, na pesa hiyo haijarudi hadi leo.

Chapa niliyouziwa ilikuwa ya jalada la kitabu cha katuni cha mwaka 1978 ambamo Superman anapambana na Muhammad Ali, lile jalada pana lenye ulingo katikati na watazamaji 172, wakiwemo watu mashuhuri, wamekaa kutazama. Yeyote anayeipenda kazi ya Adams anajua kwa nini mtu angeitamani. Dalali aliyeniuzia alikuwa anaheshimika katika kundi letu la wakusanyaji, na wakubwa wa kundi walimdhamini kwa maneno matamu. Alinitumia picha ya karatasi nene yenye muhuri wa rangi ya dhahabu, namba ya chapa, na jina la mtu aliyejiita mkurugenzi. Nilipomwomba anipigie picha saini ya Adams kwa karibu, alinijibu kwamba cheti kimeshaeleza kila kitu, na kwamba mnunuzi mwenye maswali mengi kwa kawaida hana pesa. Nikaona haya, nikalipa. Maneno yale aliyachagua kwa makusudi: alijua kwamba mtu akishaonewa shaka kuhusu mfuko wake ataacha kuuliza ili kuilinda heshima yake.

Chapa ilipofika nilikwenda kwa sonara mmoja ninayefahamiana naye hapa mjini, nikaazima kwake ile lenzi ndogo ya kukuza mara 10 ambayo wanunuzi wa dhahabu huitumia. Nilianza na umati wa watazamaji. Nyuso zao zilivunjika kuwa vitone vya buluu, waridi, njano na vyeusi vilivyopangana, jambo ambalo ni la kawaida kabisa kwa picha iliyochapwa kwa mashine ya ofseti. Kisha nikaisogeza lenzi hadi pembeni chini, kwenye saini iliyoonekana kama ya penseli, nayo ikavunjika kuwa vitone vilevile, vya rangi zilezile, vilivyopangana kwa namna ileile. Hapakuwa na mng'ao wa grafiti, ule weusi wa penseli, hapakuwa na mbonyeo wa mkono kwenye karatasi, wala alama yoyote ukigeuza upande wa nyuma. Kitu pekee kilichoandikwa kwa mkono kilikuwa ile namba, kwa kalamu ya wino, na aliyeiandika anaweza kuwa mtu yeyote. Nilipomrudia dalali, alisema saini ya kuchapwa nayo ni saini ya Adams, na kwamba hakuwahi kuniambia kwamba ilitiwa kwa mkono. Wale waliomdhamini walikaa kimya, na ninaamini hadi leo wanaendelea kuwadhamini watu wa aina yake.

Kwa hiyo sikiliza. Cheti ni karatasi ambayo steshenari yoyote mjini inaweza kuichapa ndani ya nusu saa, muhuri wa dhahabu ukiwemo. Namba 87/300 nayo inadai tu kwamba toleo lina nakala 300 na kwamba hiyo ni moja kati yake. Haisemi lolote kuhusu nani aliyeishika kalamu. Tena wachoraji wa katuni wana desturi ya kuweka saini ndani ya mchoro wenyewe, na saini hiyo hutokea kwenye kila nakala inayochapwa, ziwe 300 au 30,000. Unachotakiwa kukilipia ni saini ya pili, ile iliyowekwa juu ya karatasi baada ya uchapaji, mara nyingi kwenye ukingo mweupe chini ya picha. Saini hiyo ndiyo inayobeba tofauti yote ya bei, kwa hiyo swali lako la kama bei ni ya haki haliwezi kujibiwa kabla haijaonekana.

Mwambie muuzaji azime taa ya chumba, aweke tochi ya simu pembeni karibu usawa wa meza, kisha apige video ya saini huku akiiinamisha karatasi taratibu. Grafiti ya penseli hung'aa kijivu na kufifia kadiri pembe ya mwanga inavyobadilika, wakati saini iliyochapwa hung'aa au hufifia pamoja na picha iliyo jirani yake. Kama ni ya wino, atazame mahali mistari inapokatana: wino wa kalamu mara nyingi huongezeka weusi hapo, na hujikusanya kidogo pale mkono ulipotua au kusita. Ukipata picha ya nakala nyingine ya toleo hilohilo, zilinganishe. Mkono wa binadamu hauwezi kurudia saini kwa usawa wa unywele, kwa hiyo saini mbili zinazolingana kila kona zimetoka kwenye mashine. Angalia pia tarehe. Adams alifariki tarehe 28 Aprili 2022, na cheti chochote kinachodai kwamba alitia saini baada ya siku hiyo kimejihukumu chenyewe.

Linaloniuma zaidi ya ile pesa ni jina linalochezewa. Huyu ni mtu ambaye mwaka 1975 alisimama hadharani kuwatetea Jerry Siegel na Joe Shuster, waliombuni Superman, hadi kampuni iliyommiliki Superman ikakubali kuwapa malipo ya kila mwaka na majina yao yakarudishwa kwenye kazi yao. Alipigania pia wachoraji warudishiwe michoro yao halisi badala ya kuachwa mikononi mwa wachapishaji. Mtu aliyetumia miaka yake kutetea haki ya mchoraji juu ya jina na kazi yake, leo jina lake linauzwa kwa vitone vya wino na watu ambao hawajawahi kushika penseli.

Kuhusu ukuta nitasema kwa ufupi. Jua letu ni kali na unyevu wa ziwa hauchezewi, hasa wakati wa masika, kwa hiyo usiitundike mkabala na dirisha na usikubali fundi aigandishe kwa gundi. Mwambie aweke kadibodi isiyo na asidi nyuma na nafasi kati ya karatasi na kioo, kisha azibe mgongo wa fremu vizuri, maana wale vijidudu wa ziwani wakivutwa na taa usiku hupenya kwenye upenyo mdogo sana na kuacha madoa yasiyotoka.

Sasa mwandikie muuzaji ujumbe mmoja tu: je, Neal Adams mwenyewe alitia saini kwenye karatasi hii kwa mkono, na je, utanitumia video ya saini hiyo leo? Jibu lipatikane kwa maandishi. Akisema mteja mwingine anasubiri, mwache amuuzie huyo. Akikutumia video, iweke hapa kabla hujalipa, nami nitaitazama pamoja nawe hata kama itakuwa usiku wa manane.