Uyoga wa kwenye paina na kipimo cha kitunguu

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mvua zilipoanza kupungua niliokota uyoga kwenye shamba la paina hapa Mafinga: kofia yake ni nyeupe yenye ukijani kidogo. Niliupiga picha hii, nikaukata kwa kisu, nikauchemsha na kitunguu, na kitunguu hakikugeuka rangi. Bibi anasema unafanana na wa kwao porini. Bado sijaula. Ni uyoga gani, na picha nzuri inapigwaje?

JIBU: Marahaba mwanangu, na ahsante kwa kutouonja. Umwage, pamoja na mchuzi wake. Jina siwezi kukupa kwa picha ya kofia peke yake, na ulipoukata uliacha ardhini ile sehemu ambayo ningeitazama kwanza.

Kitunguu hicho naletewa kila msimu. Kama si kitunguu ni mchele, kijiko cha fedha au sarafu, eti kikiwa cheusi uyoga una sumu. Hakuna hata kimoja kinachopima chochote! Uyoga ninaouhofia hapa ni Amanita phalloides, na sumu yake haigeuzi kitunguu rangi, haiondoki kwa kuchemshwa wala kwa kuanikwa. Nusu ya kofia moja yatosha kumuua mtu mzima. “Mbona konokono wameutafuna?” nayo si hoja, maana konokono huula bila kudhurika.

Bibi yako simbishii. Akina mama wa Iringa wanaujua uyoga wa miombo, yaani misitu yetu ya asili, kwa macho na vidole, na ujuzi huo nauheshimu sana. Lakini ni ujuzi wa miombo. Paina ililetwa kutoka ng’ambo, na haistawi bila uyoga unaoishi mizizini mwake, kwa hiyo wageni waliingia pamoja. Amanita phalloides asili yake ni Ulaya, na hapa Tanzania umeonekana kwenye mashamba ya paina. Miombo nayo ina aina zake za Amanita, nyingine zikiwa nyeupe na zinaliwa. Ndiyo maana bibi aliuona akasema huu wa kwetu.

Sasa picha. Weka kisu pembeni, ufukue taratibu kwa kijiti mpaka shina lote litoke. Kuushika hakudhuru, sumu hii hudhuru ikiliwa. Tazama kitako: kama kimekaa ndani ya kijifuko cheupe kama kikombe, shina lina pete na chini ya kofia ni kweupe, nina sababu ya kuogopa. Ulaze, upige picha ya kitako, ya chini ya kofia na ya ubavu mzima, uweke sarafu kando ili ukubwa ujulikane. Nipigie picha na ya mti uliokuwa juu yake. Zima flashi. Ndani ya paina kuna giza, simu huongeza mwanga na uyoga mweupe hubaki kama karatasi tupu, basi gusa kofia kwenye kioo kisha ushushe mwanga. Nyumbani ifunike kofia nyingine kwa bakuli usiku kucha juu ya karatasi, nusu nyeupe nusu nyeusi, unitumie rangi ya vumbi litakalodondoka.

Hata picha hizo zote hazitanifanya niseme “kula”. Siku hizi kuna watu kwenye makundi ya WhatsApp wanaotazama picha moja, tena yenye ukungu, wakajibu “huo safi, kaanga na nyanya”. Hao wananikasirisha kuliko kitunguu, kwa sababu hawapo nyumbani kwa mlaji usiku ule. Kutapika na kuharisha huanza saa 6 hadi 24 baada ya mlo, wakati hakuna anayeukumbuka tena uyoga. Kisha mgonjwa hupata nafuu kama siku moja, jamaa wanamshukuru Mungu, kumbe ini linaendelea kuharibika. Anayekushauri maziwa wakati huo anakupotezea saa. Aliyeula asisubiri tumbo limuume. Aende hospitali mara moja na mabaki ya uyoga, hata maganda yaliyotupwa jalalani.