Barua kwa mwanangu aliye Kolwezi: benki ya ng'ambo ikifungwa

Lubumbashi, Kampemba

Mwanangu Ilunga,

Umeniuliza mambo mawili. Benki ya kisiwani ulikokuwa ukiingiziwa mshahara imefungwa na dola zako 46,000 zimo ndani: zitarudi kwa njia gani? Na yule bwana anayekupigia simu akisema atazitoa ndani ya wiki mbili ukimtumia dola 900, umlipe?

Nianze na la pili maana ndilo lenye haraka. Usimlipe. Mfilisi, yaani mtu aliyewekwa na mahakama kukusanya mali ya benki na kuwalipa wanaoidai, hamtozi mwenye akiba ada ya kupokea dai lake. Huyo bwana kujua jina la benki na kiasi ulichoweka si ushahidi wa kitu, kwa sababu majina ya wateja yanaweza kuvuja wakati wa msukosuko, na matapeli huyatafuta. Namba yake izuie, lakini ujumbe wake usiufute. Ukienda kushitaki utauhitaji.

Sasa la kwanza, baba. Tangu benki iingie kwenye ufilisi, wewe si mteja tena, wewe ni mdai. Hakuna kabati lenye jina lako ambamo dola zako zimekaa zikikusubiri. Kilichopo ni deni, na deni hulipwa kwa aliyeliandikisha kwa wakati, kwa jina sahihi na kwa kiasi kinachothibitika.

Chukua taarifa yako ya mwisho ya akaunti. Nembo iache, soma yale maandishi madogo chini ya ukurasa: jina kamili la kampuni, mahali iliposajiliwa, na nani aliyeipa leseni. Kundi moja la benki huwa na kampuni nyingi, na fidia, ile inayotoka kwenye mfuko wa kuwalinda wenye akiba benki ikianguka, hufuata kampuni, haifuati nembo. Oktoba 2008, benki za Iceland zilipoanguka, waliokuwa na akiba katika Kaupthing Singer & Friedlander ya Isle of Man hawakuingia katika mfuko wa fidia wa Uingereza, ingawa sehemu kubwa ya fedha za benki yao ilikuwa imewekwa kwa kampuni dada ya London. Walibaki na mfuko wa kisiwa chao, ambao kikomo chake kilipandishwa siku zilezile hadi pauni 50,000 kwa mtu. Wenzao wa Landsbanki ya Guernsey walikuta kisiwa hakina mfuko kabisa. Guernsey iliuanzisha Novemba mwaka huohuo, na wao waliotangulia haukuwahusu.

Kwa hiyo ujue kama mfuko ulikuwepo siku benki ilipofungwa, unalipa hadi kiasi gani, na kwa sarafu ipi. Ujue pia kama mfuko wenyewe una kikomo cha jumla. Mifuko ya visiwa vya Jersey na Guernsey ilipoanzishwa, kila mmoja uliwekewa kikomo cha pauni milioni 100 kwa kipindi cha miaka mitano, maana yake benki kubwa ikianguka huenda kila mtu akapata pungufu ya kile alichoahidiwa. Akaunti zako zote katika benki moja hujumlishwa. Kama ile ya pili uliifungua pamoja na bibi yako, mkeo, kwa kawaida kila mmoja huhesabiwa fungu lake, basi naye ajaze fomu yake.

Fomu utaipata kwa mfilisi. Jina lake na anwani yake vitafute kwenye tovuti ya msimamizi wa mabenki wa kisiwa hicho, na anwani ya tovuti iandike mwenyewe herufi kwa herufi. Usibonyeze kiungo ulicholetewa kwenye WhatsApp, hata kama kimetoka kwa rafiki wa kazini.

Kwenye fomu watu hukosea kiasi. Kinachodaiwa ni salio la siku ufilisi ulipoanza, pamoja na riba iliyokwisha kupatikana hadi siku hiyo. Riba uliyotarajia mwisho wa mwaka usiiongeze. Visiwa vinavyofuata sheria ya Kiingereza kwa kawaida hugeuza madai yote kuwa sarafu moja kwa bei ya siku hiyohiyo, kwa hiyo dola ikipanda au ikishuka baadaye dai halibadiliki. Na kama ulikuwa na mkopo kwao, tuseme dola 6,000, utakatwa kwanza, utadai 40,000. Usiuache mkopo huo ukidhani hawauoni. Dai lenye kasoro huwekwa kando, na wengine hulipwa.

Lakini kinachowakwamisha watu wa kwetu zaidi ni jina. Sisi tuna jina, postinomu, yaani jina la pili linalofuata hilo, na jina la ubatizo. Pasipoti huyapanga kivyake, mkataba wa kazi kivyake, na karani wa benki ya ng'ambo huchukua mawili anayoyaweza na kuliacha la tatu. Mfilisi hakujui, baba. Akiona Ilunga Mwamba kwenye akaunti na Mwamba Ilunga Patrick kwenye pasipoti, kwake hao ni watu wawili mpaka umwoneshe vinginevyo. Nenda kwa notaire, ofisa wa kuthibitisha hati, utengenezewe hati inayotamka kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja, yakiwa yameandikwa kama yanavyosomeka kwenye kila karatasi, herufi kwa herufi. Kabla ya kulipia mihuri, mwandikie mfilisi umuulize anakubali uthibitisho wa nani, na kama karatasi za Kifaransa anataka zifasiriwe na mfasiri aliyeapa. Mihuri ya bure ni pesa iliyopotea mara ya pili.

Anwani nayo ina shida yake. Watakuomba bili ya nyumba yenye jina lako, na bili ya umeme ya SNEL ya hapo unapopanga ina jina la mwenye nyumba. Chukua cheti cha ukaaji kwenye komini, ofisi ya serikali ya hapo unapokaa, kikiwa na tarehe ya karibuni, ukiambatanishe na mkataba wa kupanga. Ongeza karatasi za mishahara, mkataba wa kufungua akaunti, na kwa kila pesa uliyotuma kutoka benki ya hapa, nakala ya agizo la SWIFT, ile karatasi ya pesa kutumwa kutoka benki hadi benki. Hiyo waombe benki yako ya Kolwezi kwa barua, wakusainie nakala kwamba wameipokea. Vyote vipige picha ya mashine, vitume kwa barua pepe, na usitulie mpaka upate namba ya dai. Ukichelewa tarehe ya mwisho, mara nyingi bado utapokelewa kabla ya mgawo wa mwisho, lakini migawo iliyokwisha kulipwa haivunjwi kwa ajili yako.

Malipo huja kwa mafungu. Tuseme madai yote yaliyokubaliwa ni dola milioni 200, na mali iliyokusanywa baada ya gharama ni milioni 80: kila dola inapata senti 40, wewe 18,400. Mfuko wa fidia ukikulipa kwanza, hushika nafasi yako ya kudai kwa mfilisi, kwa kile ulicholipwa. Soma fomu yao kabla ya kusaini, maana nyingine huhamisha dai zima, na ni lazima ujue kilichozidi kikomo kinabaki kwa nani.

Atatokea pia mtu wa kutaka kununua dai lako, labda kwa senti 15 kwa dola. Hilo si lazima liwe utapeli, ila usiuze kabla mfilisi hajatoa ripoti yake ya kwanza. Tazama Stanford International Bank ya Antigua, iliyofungwa Februari 2009 ikiwa imeuza hati za akiba za karibu dola bilioni 7. Wengi waliweka matumaini kwa mfuko wa Marekani unaowalinda wateja wa madalali wa hisa. Mwaka 2014 mahakama ya rufaa ya Washington iliamua kwamba hauwahusu. Allen Stanford alihukumiwa kifungo cha miaka 110 mwaka 2012. Lakini mwaka 2023 mabenki yaliyoshitakiwa kwa kumhudumia yalikubali kutoa jumla ya karibu dola bilioni 1.6, huku yakikana kosa. Ni miaka 14, mwanangu. Inaniuma kukuandikia hivyo, lakini ni bora ujue. Kila ukihama nyumba au ukibadilisha simu, mjulishe mfilisi, na ile akaunti yako ya dola ya hapa usiifunge.

Jiunge na wenzako wa kampuni waliofungiwa, mchangie avoka, yaani wakili, mmoja wa kisiwani. Mtaletewa pengine mpango wa namna ya kulipa madeni, wa kupigiwa kura. Kwa sheria ya mtindo wa Kiingereza, kwa kawaida wanahitajika zaidi ya nusu ya wadai waliopiga kura, wenye robo tatu ya thamani ya madai ya waliopiga kura. Mpango wa Isle of Man haukupata kura za kutosha mwaka 2009, na benki ikafilisiwa rasmi Mei. Dai dogo nalo ni kura, usikae kimya.

Kwanza nitumie picha ya ule ukurasa wenye maandishi madogo na ukurasa wa pasipoti, nilinganishe majina. Nakala za kila kitu mwachie bibi yako na umwambie zilipo. Deni hili likichelewa, yeye na watoto ndio watakaolifuata.

Mama yako