Maswali ya Wasomaji: Nani Hasa Alikaa Mtaani Kwetu?

Ndugu Mhariri, sisi ni kikundi cha vijana wa mtaa mmoja hapa Makole, jijini Dodoma. Tunataka kuweka kibao chenye majina ya watu mashuhuri waliowahi kuishi mtaani na wanaoishi sasa. Wazee wametutajia majina mengi, lakini tumeanza kubishana nani aingie. Tuanzie wapi?
*Msomaji, Makole*

Anzeni na mpaka, majina yatafuata. Ubishi wa orodha za namna hii hutokana na kila mmoja kuwa na mtaa wake kichwani, na Dodoma tatizo hili ni kubwa kuliko miji mingi. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulifanyika mwaka 1973, CDA, mamlaka ya kustawisha makao makuu, ikaundwa mwaka huohuo, na kwa zaidi ya miaka arobaini ikapima viwanja juu ya mashamba na vijiji. CDA ilivunjwa mwaka 2017, na mwaka 2018 manispaa ikawa jiji. Katika safari hiyo kata zimegawanywa na mitaa imezaliwa. Mzee akisema fulani alikaa "Makole" miaka ya sitini, huenda anaitaja nyumba ambayo leo iko kata ya jirani.

Nendeni kwa mtendaji wa mtaa, mwombe awaonyeshe mipaka ya sasa, kisha muitembee kwa miguu pamoja na mzee mmoja anayeijua ya zamani. Amueni kama mtafuata mpaka wa leo au wa zamani, mkauandike ukurasa wa kwanza wa daftari. Kikundi kinachoruka hatua hii hurudi kuifanya baadaye kwa ugomvi.

Daftari lenyewe liwe kubwa, na kila mtu apewe ukurasa wake wenye mambo matano: majina yake yote, alichojulikana nacho, nyumba au eneo alilokaa, mwaka aliohamia na aliohama, na mmejuaje. Hili la tano ndilo watu huliacha wazi, na ndilo linaloubeba ukurasa mzima. Jina lisiende kwenye kibao mpaka lithibitishwe na mashahidi wawili wasiotoka nyumba moja, na kama inawezekana karatasi moja pia: barua, cheti, picha yenye tarehe.

Mnapomhoji mzee msimwulize "ilikuwa mwaka gani?" Atawapa mwaka kwa heshima tu, ili msiondoke mikono mitupu. Mwulizeni kwa matukio. Alihamia kabla ya Uhuru au baada yake? Azimio la Arusha la 1967 lilimkuta hapa? Njaa ya 1974 je? Vita vya Kagera, mwaka 1978 na 1979? Kifo cha Sokoine, tarehe 12 Aprili 1984, kinakumbukwa vizuri sana hapa kwa sababu alikuwa akitoka Dodoma kwenda Dar es Salaam alipopata ajali. Kisha mvua za El Niño za 1997 na 1998, halafu msiba wa Mwalimu, Oktoba 1999. Kwa alama mbili za namna hii mtapata kipindi cha kuaminika hata kama mwaka kamili haupatikani. Hapo mwandike "kati ya 1974 na 1978". Msibuni mwaka ili ukurasa upendeze.

Mzungumze na kila mzee peke yake kwanza, ndipo muwakutanishe. Wakianza pamoja, mwenye umri mkubwa akishasema, wengine watamwitikia hata kama wanakumbuka tofauti.

Rekodini kwa simu iliyowekwa hali ya ndege, maana ikiita katikati rekodi hukatika. Ilazeni juu ya kitambaa kilichokunjwa, karibu na mzungumzaji, mbali na dirisha na paa la bati, kwa kuwa upepo wetu wa kuanzia Juni unaharibu sauti kabisa. Mwanzoni mtaje tarehe, mahali, jina la mzungumzaji, na kwamba amekubali kurekodiwa. Picha za zamani mzipige kivulini, mbele na nyuma. Mgongo wa picha mara nyingi una mhuri wa studio au tarehe. Zihamisheni kwa waya hadi kwenye kompyuta. Zikipitishwa WhatsApp kama picha za kawaida hupunguzwa ubora, na tarehe iliyomo ndani ya faili hupotea.

Karatasi zipo kuliko watu wanavyodhani. Madaftari ya ubatizo na ndoa ya makanisa yana majina ya wazazi na mahali walipotoka. Daftari la kuandikisha wanafunzi hutaja mzazi, na mara nyingi kazi yake. Kwa wabunge kuna Taarifa Rasmi za Bunge. Kwa watumishi wa umma, uteuzi wa maofisa hutangazwa katika Gazeti la Serikali. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa hufungua majalada ya serikali kwa wasomaji yakishatimiza miaka 30, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2002. Mnapotafuta humo, jaribuni tahajia zote. Wajerumani waliandika Mpwapwa kama "Mpapua", na majina ya Kigogo yenye *ng'* na *nh* yaliwasumbua makarani wa kila serikali.

Jambo moja zaidi, nalo ni zito. Orodha nyingi hutoka na wanaume watupu. Nyumba ziliandikwa kwa majina yao, na wazee wanaume ndio huulizwa kwanza. Ulizeni nani alikuwa mkunga, nani alianzisha darasa la watoto, nani aliongoza kwaya au kikundi cha ngoma, nani alikuwa wa kwanza kuuza sokoni. Mkiambiwa "Mama Fulani", msiishie hapo. Fulani ni mtoto wake. Tafuteni jina lake mwenyewe, na la ukoo aliozaliwa.

Barabara ya kwetu imepewa jina la kiongozi. Je, hiyo inatosha kuonyesha kwamba aliishi hapa?
*Msomaji, Chang'ombe*

Haitoshi. Ukumbi wa Msekwa pale bungeni una jina la Pius Msekwa kwa sababu alikuwa Spika. Soko la Job Ndugai limechukua jina la Spika aliyekuwa mbunge wa Kongwa. Shule ya Sekondari Mazengo, iliyoitwa Alliance hapo awali na ambayo majengo yake sasa ni ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, ilimuenzi Mtemi Mazengo, ambaye makao yake yalikuwa Mvumi. Jina la barabara ni heshima. Mengine yalibandikwa juzijuzi tu, wakati wa kazi ya anwani za makazi ya mwaka 2022, pale barabara zisizo na majina zilipotafutiwa majina kwa haraka. Ulizeni ofisi ya mtaa ni nani alilipendekeza na kwa sababu gani.

Hukwe Zawose ni wetu watu wa Dodoma, lakini kuna mwenzetu anadai asiingizwe kwenye orodha. Nani yuko sahihi?
*Msomaji, Kikuyu*

Inategemea orodha inaitwaje. Zawose, bingwa wa ala za muziki za ilimba na zeze aliyeipeleka sauti ya Kigogo katika majukwaa ya dunia, alizaliwa Doduma, nje ya mji, na maisha yake ya kazi aliyafanyia pwani. Alifariki mwaka 2003 akiwa mkazi wa Bagamoyo. Kwenye orodha ya wazawa wa Ugogo jina lake likae juu kabisa. Kwenye orodha ya wakazi wa Kikuyu hana nafasi, labda mpate ushahidi kwamba alipanga chumba huko. Kwa hiyo mwenzenu ana hoja.

Tenganisheni makundi matatu: waliozaliwa, waliokaa, na waliopita tu. Kwa waliokaa, sisi tungeweka kiwango cha mwaka mmoja mfululizo. Bila kiwango, kila mbunge aliyelala nyumba ya wageni wakati wa kikao cha bajeti atakuwa mkazi wa Dodoma, na orodha haitakuwa na maana.

Na kwa kuwa mmegusa sanaa, tunashangaa ni mara chache mno kumsikia Mathias Mnyampala akitajwa na vijana wa jiji hili. Alizaliwa mwaka 1917 Ihumwa, iliyokuwa kijiji na sasa ni kata ya Jiji la Dodoma. Aliandika historia ya Wagogo iliyochapishwa mwaka 1954, akaongoza chama cha washairi UKUTA, na ndiye aliyeifanya ngonjera kuwa sanaa ya shule kote nchini. Alifariki mwaka 1969. Wakazi wa Ihumwa wana jina la uhakika, lenye miaka na maandishi, nao wanaweza kuliweka kwenye kibao hata kesho.

Mtaani kwetu wanaishi waziri, wabunge na mchezaji mpira. Tunaweza kuwaandika na namba za nyumba zao?
*Msomaji, Ilazo*

Namba za nyumba, hapana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka mtu aelezwe taarifa zake zinakusanywa kwa ajili ya nini, na anuani ya makazi ni taarifa binafsi hata kama mtaa mzima unaijua. Tangu vibao vya namba viwekwe milangoni, namba moja inamfikisha mgeni yeyote hadi getini.

Kwa aliye hai, pelekeni barua fupi yenye maneno yaleyale yatakayochapishwa, na nafasi ya kusaini. Asipojibu, hesabuni amekataa. Akikubali, andikeni jina, kazi yake na jina la mtaa tu. Watoto na wenzi wao msiwaguse. Akihama, badilisheni maneno kuwa "aliishi hapa", pamoja na miaka yake.

Huku Kongwa tunasikia wapigania uhuru wakubwa walikaa kwetu. Ni kweli, au ni hadithi za vijiweni?
*Msomaji, Kongwa*

Ni kweli, na Kongwa ina historia ya wakazi ambayo miji mikubwa ingeionea wivu. Mpango wa karanga wa Waingereza ulianza huko mwaka 1947, ukafa 1951, ukaacha majengo. Tanzania ilipoamua kuwapokea wapiganaji, kambi zikawekwa Kongwa kuanzia miaka ya 1960: FRELIMO wa Msumbiji, ANC wa Afrika Kusini, SWAPO wa Namibia, ZAPU wa Zimbabwe na MPLA wa Angola. Samora Machel aliongoza kambi ya FRELIMO kabla ya kuwa rais wa kwanza wa Msumbiji mwaka 1975. Kwa upande wa ANC walikuwapo Joe Modise, aliyekuja kuwa waziri wa ulinzi mwaka 1994, na Chris Hani, aliyeuawa Aprili 1993.

Ugumu wenu ni majina. Wapiganaji walitumia majina ya vita, na wazee wa Kongwa wanayakumbuka hayo tu. Modise aliitwa Thabo More. Hata "Chris" halikuwa jina la kuzaliwa la Hani. Alizaliwa Martin Thembisile. Mzee akiwatajia jina ambalo hamlipati popote, msimwone mwongo. Liandikeni kama alivyolitamka, na chama alichodhani ni chake, kisha tafuteni katika vitabu na kumbukumbu za vyama hivyo. Usajili wa shule na zahanati nao una msaada, kwa kuwa baadhi ya wapiganaji walioa huko na kuacha watoto. Familia hizo ziulizwe kwa upole, na zikikataa kutajwa, ziachwe.

Kibao cha bati tulichoweka kilipauka na kupata kutu mapema. Tulikosea wapi?
*Msomaji, Nkuhungu*

Bila shaka rangi ilipakwa juu ya bati tupu. Pigeni msasa, futeni vumbi na mafuta, pakeni rangi ya kuzuia kutu pande zote mbili pamoja na kingo na matundu ya boliti, iacheni ikauke usiku mzima, ndipo rangi ya mafuta mikono miwili. Kutu huanzia kwenye kingo na matundu, mahali ambapo mafundi wengi huparuka. Tumieni maandishi meusi au bluu iliyokolea juu ya nyeupe. Nyekundu hupauka haraka kwa jua letu. Nguzo izikwe sentimita 60 katika zege, maana upepo hutikisa kibao hadi nguzo ilegee. Kabla ya kuchimba, ulizeni ofisi ya mtaa na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, kama hapo ni hifadhi ya barabara, la sivyo kitang'olewa.

Mpeni fundi maandishi yaliyochapwa, herufi kwa herufi, msimsomee kwa mdomo. Achore kwanza kwa chaki, na ndugu wa kila anayetajwa apite kuangalia jina kabla brashi haijaguswa. Acheni theluthi ya chini ya kibao wazi, kwa majina yatakayothibitishwa baadaye.