Maswali ya Wasomaji: Blogu Mpya Haionekani Google

SWALI: Assalaam aleykum wahariri. Nina blogu ya utalii wa Bagamoyo, nimeifungua kwa WordPress. Ina miezi mitatu na makala 14. Nikiandika jina la blogu kwenye Google inatokea, lakini nikiandika "Bagamoyo" au "vivutio vya Bagamoyo" siioni hata nikifika ukurasa wa tano. Kijana aliyenitengenezea anasema nirudierudie neno Bagamoyo kwenye kila aya. Ni kweli itasaidia?
*Msomaji, Dunda, Bagamoyo*

JIBU: Waaleykum salaam. Ushauri huo achana nao. Kurundika neno moja ni miongoni mwa mambo ambayo Google imeyaorodhesha wazi kuwa ni hila, na msomaji mwenyewe atachoka kabla hajamaliza aya ya pili. Kama plagini yako (programu ya ziada ya WordPress) ina kisanduku cha kujaza "meta keywords", usipoteze muda nacho pia: tangu 2009 Google ilitangaza kwamba haikitumii kupanga matokeo.

Jina la blogu kutokea ni dalili njema, ila halithibitishi kwamba makala zote 14 zimo kwenye faharasa ya Google, yaani hifadhi ya kurasa inamochagulia matokeo. Hilo utalijua kwa Google Search Console, zana ya Google ya kukuonyesha inavyoiona tovuti yako, na ni bure. Ingia kwa akaunti yako ya Gmail, ongeza domeni, utapewa mstari wa TXT, maandishi mafupi ya kuthibitisha kwamba domeni ni yako. Uchukue ukaubandike kwenye sehemu ya DNS (mipangilio ya domeni) kule uliponunulia. Mara nyingi unakubaliwa ndani ya dakika chache, mara nyingine unasubiri siku moja au mbili. Ukishakubaliwa nenda kwenye "Sitemaps" uandike wp-sitemap.xml. Hiyo ni ramani ya kurasa zako zote, na WordPress inaitengeneza yenyewe tangu toleo la 5.5 la 2020. Ukiwa na plagini ya Yoast, andika sitemap_index.xml.

Baada ya siku kadhaa fungua ripoti ya "Pages". Kurasa zilizoachwa nje zinapewa sababu, na kila sababu ina dawa yake. Ukiona "noindex", yaani ukurasa wenyewe unaikataza Google kuuhifadhi, fungua Settings, kisha Reading, uangalie kile kisanduku cha kuzizuia injini za utafutaji. Mafundi hukiweka alama wakati wa kujenga, halafu wanasahau kukiondoa. Ukiona "Discovered – currently not indexed", Google inaijua anwani lakini bado haijaja kuusoma ukurasa. Kwa blogu changa ni kawaida, na kinachosaidia ni kuweka linki ya makala hiyo kwenye ukurasa wa mwanzo na ndani ya makala nyingine. Ya kukupa mawazo ni "Crawled – currently not indexed". Hapo imekuja, imesoma, ikaona hakuna haja ya kuuhifadhi. Unaweza kubandika anwani kwenye kisanduku cha juu na kuomba ukurasa uingizwe, lakini kuomba mara kumi hakuharakishi chochote.

Kwa nini iuache ukurasa iliokwisha kuusoma? Kwa blogu za miji ya kihistoria jibu ni lilelile. Kwamba misheni ya Kikatoliki ya Bagamoyo ilianzishwa 1868, kwamba Wajerumani walihamishia makao yao Dar es Salaam 1891, kwamba Kaole kuna magofu ya msikiti wa karne ya 13: hayo yote yameshaandikwa na tovuti kubwa zenye miaka mingi. Ukiyarudia kwa maneno yako hujampa Google sababu ya kukutanguliza wewe.

Neno "Bagamoyo" peke yake waachie wakubwa. Wewe shika maswali madogo ambayo mgeni anauliza akiwa bado Dar es Salaam. Andika mwanzo wa swali kwenye Google, "jinsi ya kwenda Kaole" au "kiingilio Mji Mkongwe Bagamoyo", usibonyeze kutafuta, uangalie inavyokumalizia. Hayo ndiyo watu wanayoandika kweli. Kisha shuka chini ya matokeo usome maswali yanayofanana. Usipokuta ukurasa wowote unaojibu sawasawa kwa Kiswahili, na mara nyingi hutaukuta, hapo pana nafasi yako.

Tuchukue makala ya Kaole. Kichwa kama "Maajabu ya Kale Yanakusubiri" hakina neno hata moja ambalo mtu angelitafuta. Kiwe hivi: "Magofu ya Kaole: jinsi ya kufika na kiingilio". Neno la maana liwe mwanzoni, kwa sababu kwenye simu kichwa kirefu hukatwa. Ukikaa ndani ya herufi 60 hivi uko salama. Aya ya kwanza ijibu papo hapo: umbali, nauli ya bodaboda uliyolipa wewe mwenyewe, kiingilio cha raia na cha mgeni, na tarehe uliyohakiki bei hizo. Hadithi ya makaburi ya nguzo ifuate baadaye. Halafu yaongeze mambo ambayo hayajui ila mkaazi: saa ngapi soko la samaki linachangamka, ufukwe unakuwaje maji yakipwa wakati wa bamvua, wapi pa kula mchana wa Ramadhani. Hayo hakuna wa kuyanakili kutoka kwingine.

Unganisha makala zako zenyewe kwa zenyewe. Anayesoma ya Kaole apate linki ya Ngome Kongwe na ya usafiri, na maneno ya linki yaseme inakokwenda. "Bofya hapa" haimwambii kitu msomaji wala Google. Ukitaka na wageni wa nje, andika kurasa za Kiingereza kwa anwani zake, uzifungamanishe na za Kiswahili kwa hreflang, alama inayoiambia Google ukurasa upi ni wa lugha ipi. Usichanganye lugha mbili kwenye ukurasa mmoja, wala usimwage tafsiri ya mashine bila kuipitia.

Mabadiliko huonekana baada ya siku chache au hata miezi kadhaa. Kila mwezi fungua ripoti ya "Performance", upange maneno kwa wastani wa nafasi, uangalie yale yaliyo kati ya 8 na 20. Tuseme "kiingilio kaole" iko ya 14 na makala yako haijataja bei popote: ongeza aya ya bei, basi. Kurekebisha makala ya namna hiyo kunalipa haraka kuliko kuandika ya 15.

SWALI: Nina blogu ya mapishi ya kwetu Tanga. Mtu amenitumia WhatsApp kwamba kwa shilingi 150,000 ataniwekea linki 1,000 na ananihakikishia ukurasa wa kwanza. Nilipe?
*Msomaji, Ngamiani, Tanga*

JIBU: Usilipe, dada. Google yenyewe inasema hakuna anayeweza kuhakikisha nafasi ya kwanza. Kununua linki ili upande ni kinyume cha masharti yake, na linki za jumla kama hizo hutoka kwenye tovuti za takataka ambazo kwa kawaida hupuuzwa tu. Zikikuletea adhabu utaiona Search Console kwenye "Manual actions".

Linki moja ya nyumba ya wageni ya Tanga inayowaelekeza wateja kwenye makala yako ya mkate wa kumimina ina uzito kuliko hizo elfu. Iombe kwa adabu, uwape na wao kitu: ruhusa ya kutumia picha yako, kwa mfano. Ukilipia tangazo kwenye tovuti ya mtu hakuna kosa, mradi linki iwe na alama ya rel="sponsored", inayoiambia Google kwamba imelipiwa.

SWALI: Kurasa zangu zinachelewa kufunguka kwenye simu, picha ndizo nyingi. Je, hilo linanishusha?
*Msomaji, Magomeni, Bagamoyo*

JIBU: Linachangia, ingawa si kama watu wanavyolikuza, makala nzuri inayochelewa kidogo bado inaweza kuitangulia mbovu yenye kasi. Hasara kubwa ni msomaji mwenye bando dogo anayekata tamaa na kurudi nyuma.

Picha kutoka kwenye simu huwa na MB 3 hadi 5. Ipunguze upana hadi pikseli 1,200, uihifadhi kwa WebP (aina ya faili la picha lililo jepesi kuliko JPG), ishuke chini ya KB 150. Squoosh inafanya hivyo bure ndani ya kivinjari. Badala ya IMG_2043.jpg iite kaole-kaburi-la-nguzo.webp, na kwenye maandishi mbadala (kisanduku cha "Alt text") eleza kinachoonekana. Picha ya juu kabisa ya ukurasa usiiwekee ule uchelewesho wa kupakia ("lazy loading", picha kusubiri hadi msomaji aifikie), maana mara nyingi ndiyo inayopimwa: lengo ni ionekane ndani ya sekunde 2.5.

Pima kwa PageSpeed Insights, upande wa simu. Blogu yako ikiwa haina wageni wengi, sehemu ya juu ya takwimu za watumiaji halisi itakuwa tupu. Soma majaribio yaliyo chini yake, uanze na picha nzito kuliko zote.