Sugu ni nani hasa?

Mmeuliza wiki hii mtu asiyejutia kosa lake aitwe nani na hilo jina limetoka wapi. Mi nina neno moja tu, sugu, sababu kwetu lilimkaa mtu. Asili yake iko wazi, ni kusugua. Sugu ni ile ngozi ngumu ya kiganja cha mtu wa jembe, au ya paji la uso la anayesujudu sana, ndo tukalihamishia kwa watu, mhalifu sugu, mdaiwa sugu, hata vijidudu visivyosikia dawa navyo sugu. Kuna wanaosema firauni, hapo siwaungi mkono, firauni ni muovu wa kila namna, na Firauni mwenyewe kwenye Kurani alisema ameamini maji yalipomfika, japo kashachelewa.

Sasa mjomba wangu. Alipewa ada ya dada yangu aipeleke shule, haikufika. Kikao kikaitwa, wazee wote wamo, mama analia, dada kainama haangalii mtu, mjomba kakaa macho makavu anachokonoa meno. Babu akamuuliza, "We mwanangu, hata haya huoni?" Kimya. Akauliza tena. Mjomba akasema, "Baba, mshasema yote, mi niongeze nini?" Halafu akaomba maji, akanywa taratibu mpaka yakaisha, akarudisha glasi kwa mikono miwili, kwa adabu kabisa, yaani ile mikono miwili ndo ilituudhi kuliko hela. Bibi akasema huyu sugu, jina likamganda mpaka leo.

Nimeanza kuandika ili niseme lilimfaa. Ila ngozi haiwi sugu yenyewe, lazima kitu kiisugue palepale kila siku, na mjomba tangu utotoni kila kilichopotea nyumbani alichapwa yeye kwanza, mama mwenyewe anasimulia, hata vile vilivyokuja kuonekana baadaye. Pengine ile "mshasema yote" ilianzia huko.

Simtetei, hela hajarudisha na dada alipoteza mwaka mzima. Jibu langu libaki sugu, lakini kwa mtu wa aina ya mjomba. Aliyelelewa kwa upole, akadhulumu na wala asishtuke, hilo jina msimpe, huyo muiteni mkavu basi.