Kadi ya maili ipi, dada wa Kigoma?

Dada, umesema una duka la vitenge pale Mwanga, Guangzhou unaenda mara mbili kwa mwaka, na umekwama kati ya kadi ya mkopo ya maili (pointi za kubadilisha kwa tiketi za ndege) za Ethiopian na ile ya Kenya Airways.

Kwanza nikupunguzie matumaini: kipande cha Kigoma hadi Dar unapanda Air Tanzania, ambayo haimo Star Alliance (umoja wa mashirika ya ndege ilimo Ethiopian) wala SkyTeam (umoja ilimo Kenya Airways). Hapo maili za kuruka, za Ethiopian na za Kenya Airways, sahau. Hesabu inaanzia Dar.

Mimi ningechukua ya Ethiopian, mradi kweli unapitia Addis Ababa kama ulivyosema. Maili zake zinatumika hata Turkish, maana wote ni Star Alliance. Ila kama ndugu zako wa Nairobi ndio wanaokuvuta upite kwao, basi geuza.

Lakini riba ndiyo nyoka mwenyewe. Tuseme umebakiza deni la milioni 2 na riba ni asilimia 3 kwa mwezi: 60,000 imekwenda, maili utakazopata hazifiki hata nusu ya hiyo. Kuna na ada za pembeni; hizo zilinikuta mimi. Nililipia hoteli kwa dola, taarifa ya benki ikaja na mstari mdogo chini, "ada ya kubadili fedha". Nilinuna wiki nzima!

Waulize ada hiyo na ada ya mwaka kabla hujasaini. Na kama mzigo wa dagaa wa mdogo wako bado unakopeshwa hadi mwisho wa mwezi, yaani pesa inachelewa kukufikia, chukua kadi ya kawaida ya benki, maili zisubiri.