Sumu ya Bunju na Umeme wa Seli: Majibu kwa Wasomaji

Swali: Assalam aleikum, Mhariri wa safu ya sayansi. Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi, na kwetu ni Kizingitini, kisiwani Pate. Watoto wa huku hukanywa mapema wasile bunju, lakini hivi karibuni jirani yetu alikula mchuzi ambao samaki huyo alikuwa amechanganyika na wengine. Kwanza alilalamika kwamba midomo na ulimi vimekufa ganzi, kisha vidole, kisha miguu ikamwishia nguvu, na kabla hajafikishwa hospitali alikuwa hawezi hata kuinua kope, ingawa baadaye alitueleza kwamba alisikia kila neno tulilosema. Alisaidiwa kupumua kwa mashine hadi kesho yake, ndipo akaanza kujinyanyua. Daktari alitwambia kuwa sumu ya bunju huzima umeme wa mwili. Naomba unieleze: mwili una umeme gani huo, unatoka wapi, na ikiwa kweli ulizimwa, mbona moyo wake uliendelea kupiga?

Jibu: Waaleikum salaam, mwanangu. Kauli ya daktari ilitosha kwa jamaa waliokuwa na wasiwasi kitandani pa mgonjwa, lakini kwa mwanafunzi wa uuguzi haitoshi, na swali lako la mwisho laonyesha kwamba umekwisha kulihisi jambo hilo. Umeme wa jirani yako haukuzimwa. Ulikuwepo katika seli zake zote, ukiwa kamili, muda wote aliolala bila kujimudu. Kilichozuiliwa ni kutumika kwake katika neva na misuli. Tofauti hii ndiyo mlango wa kuingilia katika baiofizikia, yaani elimu inayochunguza viumbe hai kwa kanuni za fizikia.

Umeme wa nyumbani ni mwendo wa elektroni ndani ya waya wa shaba. Katika mwili hakuna waya, wala elektroni hazisafiri namna hiyo. Kuna maji yenye chumvi, na chumvi ikishayeyuka hugawanyika kuwa ioni, ambazo ni chembe zenye chaji: sodiamu, potasiamu na kalsiamu zina chaji chanya, na kloridi ina chaji hasi. Kila seli imezungukwa na utando wa mafuta ambao ioni haziwezi kuupenya zenyewe. Hupita tu katika vijilango vya protini vilivyopachikwa ndani ya utando huo, ambavyo wataalamu huviita chaneli. Nje ya seli ya binadamu sodiamu ni nyingi kuliko ndani kwa zaidi ya mara 10, na potasiamu, kinyume chake, ni nyingi ndani kuliko nje kwa zaidi ya mara 30.

Tofauti hiyo haikai bila gharama. Mwaka 1957 Jens Christian Skou wa Denmark, akichunguza neva za miguu ya kaa, alieleza kimeng'enya ambacho baadaye kilithibitika kuwa pampu: kwa kila molekuli moja ya ATP, ambayo ndiyo hubeba nishati ndani ya seli, inayotumika, ioni 3 za sodiamu hutolewa nje na ioni 2 za potasiamu huingizwa ndani. Kazi hiyo ilimpatia sehemu ya Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1997. Seli hai ni kama jahazi la mbao lililoko safarini, ambalo huvuja kidogo siku zote, na mabaharia hawaachi kufua maji yaliyoingia katika ngama. Chombo kinaelea si kwa sababu hakivuji, bali kwa sababu kinafuliwa. Ubongo, ambao ni takribani asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, hutumia kiasi cha asilimia 20 ya nishati ya mtu aliyepumzika, na sehemu kubwa ya nishati hiyo huishia katika pampu hizi. Ugali na samaki unaokula mchana, kwa kiasi kisicho kidogo, hulipia kuitoa sodiamu nje.

Hata hivyo, pampu yenyewe huchangia volti kidogo tu moja kwa moja. Kazi yake kubwa ni kuweka akiba, na volti hutokana na akiba hiyo kuvuja. Seli ya neva inapopumzika, chaneli zilizo wazi ni hasa za potasiamu. Kwa kuwa potasiamu ni nyingi ndani, baadhi yake hutoka, na kila ioni inayotoka huondoka na chaji chanya, ikiuacha upande wa ndani ukiwa hasi. Uhasi huo nao huivuta potasiamu irudi. Hufika mahali msukumo wa kutoka na mvuto wa kurudi vikalingana, na hapo mwendo wa jumla husita. Mlingano wa kupigia hesabu mahali hapo ulitolewa na Mjerumani Walther Nernst mwishoni mwa karne ya 19, na mwaka 1902 Julius Bernstein aliutumia kueleza umeme wa neva. Kama potasiamu pekee ingepita, upande wa ndani wa seli ya binadamu ungekuwa na takribani milivolti 95 chini ya upande wa nje; kwa kuwa sodiamu kidogo nayo hupenya kuingia, seli nyingi za neva hutulia karibu na milivolti 70 chini.

Usikidharau kiasi hicho. Ni kweli kwamba milivolti 70 ni kama sehemu moja ya 20 ya betri ndogo ya tochi. Lakini sehemu ya mafuta ya utando ina unene wa nanomita 5 hivi, na ukigawanya volti hizo kwa unene huo utapata nguvu ya uga wa umeme inayofikia volti milioni 14 kwa kila mita. Hewa kavu hushindwa kuhimili na kupasuka cheche ikifikia volti milioni 3 hivi kwa mita. Katika fizikia yote ya mwili sijui jambo linalonistaajabisha kuliko hili, kwamba kila seli yetu imevikwa utando mwembamba unaostahimili mkazo ambao hewa ingepasuka ikiwekewa.

Sasa tufike kwenye ujumbe wa neva. Hapa wavuvi wa kwenu wana jambo la kujivunia, kwa kuwa siri yenyewe ilifunuliwa na ngisi. Ngisi anaposhtuka hurusha maji kwa kuukaza mwili wake wote kwa mara moja, na amri ya kukaza huletwa na nyuzi za neva nene ajabu, ambazo kipenyo cha baadhi yake hufikia karibu milimita moja. John Zachary Young aliwaonyesha wenzake umuhimu wa nyuzi hizo mwaka 1936. Mwaka 1939, katika maabara ya bahari ya Plymouth, Uingereza, Alan Hodgkin na Andrew Huxley walipenyeza kijineli cha kioo ndani ya uzi mmoja na kupima volti yake wakati ujumbe unapita. Wengi walitarajia kwamba upande wa ndani ungepoteza uhasi wake na kufika sifuri. Badala yake ulivuka sifuri na kuwa chanya kwa makumi ya milivolti. Vita Kuu vilikatiza kazi, lakini mwaka 1952 walichapisha maelezo kamili pamoja na milingano yake, na mwaka 1963 wakapewa Nobel pamoja na John Eccles.

Walichokiona ni hiki. Utando wa neva una chaneli za sodiamu ambazo hubaki zimefungwa wakati wa mapumziko, na kinachozifungua ni badiliko la volti yenyewe. Uhasi ukipungua kidogo mahali pamoja, baadhi hufunguka. Sodiamu huingia kwa kasi kwa kuwa ukolezi, yaani wingi wake huko nje, na umeme vyote viwili vinaisukuma ndani. Uhasi huzidi kupungua. Chaneli nyingine nyingi zaidi hufunguka. Katika muda usiofika milisekunde moja sehemu hiyo imegeuka chanya na kuiamsha sehemu ya jirani yake, hiyo nayo inayofuata, hadi mwisho wa uzi. Nyuma ya wimbi hilo chaneli za sodiamu hujifunga, zile za potasiamu hufunguka zaidi, na utulivu hurudi. Ioni zinazovuka kwa ujumbe mmoja ni chache mno zikilinganishwa na zilizomo, kiasi kwamba akiba haionekani kupungua. Kwa sababu kila sehemu lazima iamshwe na iliyoitangulia, ujumbe huu hauna kasi ya umeme wa waya: katika nyuzi nyembamba huenda mita moja hivi kwa sekunde, na katika zile nene zilizofunikwa kwa ala ya mafuta hufikia kama mita 120 kwa sekunde.

Sumu ya bunju, ambayo ni tetrodotoksini, hufanya kazi katika hatua moja tu ya mlolongo huo. Molekuli yake hukaa katika mdomo wa nje wa chaneli ya sodiamu na kuuziba kama kizibo. Mwaka 1964 Toshio Narahashi, John Moore na William Scott walilithibitisha hilo katika neva nene za kambakoche, jamaa wa yule ambaye watu wa Kizingitini humzamia kwa biashara: chini ya sumu, mkondo wa sodiamu haukutokea, lakini ule wa potasiamu uliendelea kama kawaida. Kwa hiyo katika mwili wa jirani yako pampu zilikuwa zikifanya kazi, milivolti 70 zilikuwepo, akiba ilikuwepo, ila wimbi halikuweza kuanza wala kusafiri. Midomo na ulimi vilikufa ganzi kwa kuwa neva za hisia hazikupeleka habari, miguu ikalegea kwa kuwa neva za mwendo hazikupeleka amri, na hatimaye kiwambo cha kupumulia kikakosa amri pia. Hicho ndicho kinachoua. Ubongo nao hulindwa kwa kiasi, kwa kuwa sumu hii huingia humo kwa shida, na ndiyo maana mgonjwa husikia.

Moyo una sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba hausubiri amri ya neva ili upige. Una seli zake zinazojiamsha zenyewe, na mpando wa volti katika seli hizo hutegemea zaidi kalsiamu. Ya pili ni kwamba chaneli za sodiamu za misuli ya moyo zimetofautiana na za neva kwa asidi amino moja muhimu, yaani kijenzi kimoja cha protini, katika mdomo wake, na kwa sababu hiyo sumu hushika kwa shida: huhitaji kiasi cha mara 100 hivi zaidi ili kuziziba. Bunju mwenyewe amesalimika kwa njia inayofanana na hiyo, kwa kuwa midomo ya chaneli zake imebadilika. Lakini shinikizo la damu laweza kushuka, na dozi kubwa hugusa hata moyo, kwa hiyo usimwambie mgonjwa kwamba moyo hauwezi kudhurika.

Kwa kuwa ni muuguzi mtarajiwa, shika haya. Sumu hukaa zaidi katika ini, mayai, utumbo na ngozi; kupika, kukaanga au kuanika juani hakuiondoi. Hakuna dawa ya kuipinga. Anayesaidiwa kupumua mapema huwa na matumaini makubwa, kwani mwili huiondoa sumu na chaneli zikawa huru tena, mara nyingi ndani ya siku moja au zaidi kidogo. Asinyweshwe tui wala maziwa wakati koo limelegea, kwa sababu yataingia mapafuni. Na mtu akihisi ganzi midomoni baada ya kula samaki huyo, apelekwe hospitali papo hapo, hata ikibidi kutafuta boti usiku.

Swali: Mimi ni mpishi mjini Malindi. Nikinyunyiza chumvi juu ya nyama ya mbuzi aliyechinjwa muda huo huo, minofu hutetemeka. Wenzangu wengine huogopa. Je, mnyama hajafa?

Jibu: Amekufa, dada yangu, lakini seli zake hazifi zote kwa saa moja na yeye. Misuli iliyotoka kuchinjwa bado ina ATP kidogo na volti yake haijaisha. Chumvi ya mezani ni sodiamu na kloridi. Unapoinyunyiza, sodiamu huongezeka ghafla nje ya seli, uhasi wa ndani hupungua, chaneli zinafunguka, na misuli hujikunja ingawa hakuna ubongo uliotoa amri. Luigi Galvani wa Bologna, aliyechapisha kazi yake mwaka 1791, aliona miguu ya vyura waliokufa ikirusharusha kwa umeme, na hapo ndipo elimu hii yote ilipoanzia. ATP ikiisha misuli hukakamaa na mtetemo hautokei tena. Wapishi wenzako wasiogope. Kutetemeka huko ni dalili kwamba nyama ni mbichi kweli.

Swali: Sisi wavuvi wa Ngomeni hukutana na aina ya samaki taa ambaye ukimgusa hupiga shoti. Ikiwa seli moja haina hata volti moja, yeye hupata wapi nguvu hiyo?

Jibu: Huzipanga. Pande mbili za kichwa chake kuna viungo vilivyotokana na misuli iliyopoteza uwezo wa kujikunja, na ndani yake seli bapa zimelaliana kwa mamia katika safu. Neva hufika upande mmoja tu wa kila seli, kwa hiyo upande huo hubadilika volti huku wa pili ukibaki vile vile, na zote huamshwa kwa wakati mmoja. Volti zao ndogo hujumlishwa kama betri zilizopangwa kichwa kwa mkia, na katika spishi kubwa za jamii hiyo jumla yaweza kuzidi volti 100. Safu ziko nyingi kando kwa kando, ndiyo maana mkondo nao ni mkubwa. Shoti hupita katika maji ya chumvi na pia katika chuma kilicholowa, kwa hiyo kumchoma kwa chusa la chuma ukiwa umelishika kwa mkono mtupu hakukukingi. Mwondoeni wavuni kwa mti mkavu.